Mke si Serikali

Jirani yangu hapa Wisconsin ni mtu mwema. Theluji ikianguka huondoa ile ya mlangoni pangu kabla sijaamka, na mke wangu alipolazwa hospitalini, yeye na mkewe walituletea chakula siku nne mfululizo. Kwa hiyo aliponijia majuzi na ombi lake nilikosa pa kukwepea. Alitaka nije kula nao chakula cha jioni, kisha, kwa kuwa riziki yangu inatokana na kusema mbele za watu, nimsaidie kumshawishi mkewe akubali bunduki.

Si bunduki moja. Anazo nyingi katika chumba cha chini ya nyumba, zimejaza makasha mawili ya chuma, na sasa anataka kununua kasha la tatu. Mkewe amesema basi. Nilimjibu kwamba kula nitakula, lakini wakili wake sitakuwa. Naandika sababu zangu hapa kwa kuwa hoja alizonikabidhi nimezisikia kwa wanaume wengi, wakiwemo Watanzania wenzangu tulio nao huku ughaibuni.

Alianza na uwekezaji. Bunduki, alisema, haishuki bei. Kuna chembe ya ukweli. Bunduki za Kirusi aina ya Mosin-Nagant, ambazo miaka ishirini iliyopita ziliuzwa huku kwa bei ya kutupa, leo zinagharimu dola mia kadhaa. Rashasha nazo zimepanda bei mno, kwa sababu sheria ya mwaka 1986 ilifunga mlango: raia haruhusiwi kumiliki rashasha isiyosajiliwa kabla ya tarehe 19 Mei ya mwaka huo, kwa hiyo zilizopo ndizo hizo hizo, na wanaozitaka wanaongezeka. Lakini jirani yangu hana rashasha. Nyingi ya bunduki zake ni za dukani, za aina ambayo viwanda vinaendelea kuifyatua kila siku, na ambazo zikishatoka mlangoni mwa duka huwa mtumba. Nilimwuliza ameuza ngapi tangu aanze. Hajauza hata moja. Mfugaji asiyemkamua ng'ombe wake, asiyemchinja wala kumpeleka mnadani, tumwite mfugaji wa nini?

Akahamia kwenye ulinzi. Hapa nilimkumbusha kwamba Mungu amempa mikono miwili. Kama bunduki ni ya kumzuia mwizi, ya kwanza ilitosha, na hizo nyingine zinamlinda nani? Isitoshe, utafiti mkubwa uliofanywa California na kuchapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watu wazima wanaoishi na mmiliki wa bastola, wao wenyewe wakiwa hawana, waliuawa kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya wenzao wanaoishi katika nyumba zisizo na bastola. Na waliouawa na wenzi wao, wengi walikuwa wanawake. Sisemi kwamba bunduki ya thelathini ni hatari kuliko ya kwanza. Hatari iliingia na ile ya kwanza. Wala simtuhumu jirani yangu, maana hata sauti hajawahi kuipaza. Nasema tu kwamba neno "ulinzi" halimtoshi mwanamke anayeambiwa alipie ulinzi ambao takwimu zinamwonyesha kuwa yeye ndiye aliye karibu zaidi na mtutu.

Hoja ya historia nusura inishinde. Anayo M1 Garand, bunduki iliyobebwa na askari wa Marekani katika Vita Kuu ya Pili, na alinieleza jinsi kibanio chake cha risasi nane kinavyoruka kwa mlio wa kengele risasi zikiisha. Macho yalimng'aa. Nami ninatoka katika nchi ambayo neno "gobori" lina karne nzima ya biashara, utumwa na vita ndani yake, kwa hiyo siwezi kudai kwamba silaha ya kale ni chuma tu. Serikali Kuu ya Marekani yenyewe hutoa leseni maalumu kwa wakusanyaji, na silaha iliyotimiza miaka 50 katika umbo lake la asili huhesabiwa kuwa ya kale. Lakini makumbusho yoyote yanayostahili jina hilo yana daftari: kitu gani, kilitoka wapi, kilipatikana lini, kwa bei gani. Jirani yangu hana daftari. Nilipomwuliza sababu, alicheka akasema mkewe angelisoma.

Kicheko hicho ndicho kilichonikasirisha. Huku kuna utani maarufu miongoni mwa wakusanyaji: mwanamume anaogopa kwamba akifa, mkewe atauza bunduki zake kwa bei ile aliyomwambia kuwa alizinunulia. Wote hucheka. Ukiuvua utani huo nguo, unachobaki nacho ni mume anayekiri kwamba amedanganya kuhusu fedha za nyumba kwa miaka mingi, na wenzake wanaompigia makofi. Ndipo mbinu nyingine zinapofuata: kulipa taslimu, kuingiza bunduki mpya katika mkoba wa ile ya zamani, kumnunulia mke bastola siku yake ya kuzaliwa ili naye awe mshirika wa dhambi. Mambo haya huitwa kushawishi. Mimi nayaita magendo.

Mwishowe akaniwekea Katiba mezani. Marekebisho ya Pili, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yanalinda haki ya kumiliki silaha, na katika kesi ya Heller ya mwaka 2008 Mahakama ya Juu iliamua kwamba haki hiyo ni ya mtu binafsi, nyumbani kwake. Ni kweli tupu. Lakini Katiba inaifunga mikono Serikali. Haimfungi mdomo mke. Bunge na polisi ndio waliokatazwa kuingilia, si mwanamke anayeuliza kwa nini paa linavuja. Haki ya kununua haijawahi kuwa haki ya kununua kwa fedha za watu wawili kwa kauli ya mmoja. Hapa Wisconsin, sheria ya mali ya ndoa iliyoanza kutumika mwaka 1986 inahesabu kipato cha kila mmoja katika ndoa kuwa ni cha wote wawili. Kwetu Tanzania, Mahakama ya Rufani ilikubali tangu mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya familia. Na Kanada, jirani wa kaskazini, anayeomba leseni ya silaha hutakiwa kumtaja mwenzi wake, na mwenzi huyo lazima ajulishwe. Wakanada wanawinda paa kama kawaida.

Sina usafi wa kumhukumu mtu, na mke wangu akisoma haya atacheka. Ugonjwa wangu ni vitabu. Niliwahi kuvificha kwenye buti la gari hadi alipolala, nikaviingiza kimyakimya kama mwizi wa kuku, na hoja zangu zilikuwa hizi hizi: vinapanda bei, ni historia, ni haki yangu. Siku aliyoikuta risiti hakugomba. Aliniomba nimsomee jumla kwa sauti. Ilikuwa zaidi ya ada ya muhula ya mdogo wake, ambayo nilikuwa nimemwambia kwamba hatuna uwezo nayo. Ada hiyo tuliilipa mwezi uliofuata. Mdogo wake alikuwa ameshapoteza mtihani.

Basi nilikwenda kula. Kulikuwa na samaki, na mke wa jirani alikuwa akitafunia upande mmoja. Aligundua kwamba nimeona. Jino, alisema, bima ya wazee ya Serikali katika mpango wake wa kawaida hailipii matibabu ya meno kama hayo, naye anasubiri hali iwe nzuri. Mumewe alitazama sahani. Kisha akakohoa na kunikonyeza nianze. Sikuanza. Mama yule akaweka uma chini, akamwuliza mumewe, kwa upole kabisa, swali moja tu: ziko ngapi?

Akafungua mdomo, akaufunga. Akaanza kuhesabu kwa vidole, akafika mkono wa pili, akarudi nyuma. Halafu akasukuma kiti na kushuka chini kwenda kuzihesabu. Tulisikia mlango wa kasha la kwanza ukifunguliwa. Mkewe akaniongezea wali, akaniuliza habari za watoto. Chai ilipoletwa, alikuwa bado huko chini.