Ticha miaka 25, dogo miaka 15: tamthilia ya Kijapani inayotugombanisha

Leo siasa naiweka pembeni kidogo, ila msidhani nimehamia kwenye udaku. Nataka tuongelee tamthilia ya Kijapani inayoitwa Chugakusei Nikki, yaani shajara ya mwanafunzi wa sekondari. Hii kitu ukiitaja mbele ya watu watano unapata ubishi wa saa nzima. Akina dada wengi wanasema hayo ni mapenzi ya kweli, umri ni namba tu. Akina kaka wanacheka, wanasema dogo kaokota embe chini ya mnazi. Mimi nasema pande zote mbili kuna kitu zinakiruka.

Kwa ambao hawajaiona, nawapa kwa kifupi. Ilirushwa na kituo cha TBS cha Japani kuanzia Oktoba hadi Desemba 2018, kila Jumanne usiku, sehemu 11 tu. Tamthilia za kule nyingi ndio urefu wake, miezi mitatu kazi imekwisha, sio kama zile za Mexico ambazo unafika katikati umeshasahau ilianzaje. Hadithi yenyewe imetoka kwenye manga, vile vitabu vyao vya katuni, iliyochorwa na Junko Kawakami. Kasumi Arimura anaigiza kama Hijiri, mwalimu mgeni wa miaka 25, ana mchumba wake tayari, anapangiwa shule ya mji mdogo kando ya bahari. Huko anakutana na Akira, mwanafunzi wa miaka 15, ambaye anamzimikia ticha wake mpaka anamwambia. Na ticha, badala ya kuzima moto, naye anaanza kuyumba.

Sasa angalieni ujanja wa televisheni. Akira wa kwenye hadithi ana miaka 15, lakini Kenshi Okada aliyemuigiza alikuwa na miaka 19 wakati ule, na hiyo ndio ilikuwa kazi yake ya kwanza ya uigizaji. Kwa hiyo masikio yako yanaambiwa "miaka kumi na tano", lakini macho yanaona kijana mrefu, sauti nzito, mabega ya mwanaume. Moyo unafuata macho. Weka pale mtoto wa kidato cha pili wa kweli, na sare yake, na chunusi zake, uone kama bado utashangilia. Nadhani wengi tungezima.

Wajapani wenyewe wameanza siku nyingi na hadithi za namna hii. Mwaka 1993 kituo hicho hicho cha TBS kilirusha Koko Kyoshi, mwalimu wa kiume na binti mwanafunzi wake. Mwaka 1999 ikaja Majo no Joken, Nanako Matsushima akiwa mwalimu na Hideaki Takizawa akiwa mwanafunzi wa miaka 17. Ile ilivuma sana, na wimbo wake "First Love" wa Hikaru Utada mpaka leo watu wanauimba, hata wasioijua tamthilia yenyewe. Katika ile ya 1999 jamii ndiyo adui. Wazazi, shule, mchumba, wote wanaonekana watu wa roho mbaya wanaoziba njia ya wapendanao. Mtazamaji unapangiwa upande wa kukaa kabla hujafikiri.

Lakini kati ya 1999 na leo Japani imebadilika, na sio kwenye televisheni tu. Wengi hatujui kwamba sheria yao ya jinai, ile ya tangu 1907, iliweka miaka 13 kuwa umri ambao mtu anaweza kuhesabika ameridhia kufanya mapenzi. Ndio, 13. Kweli mikoa ilikuwa na kanuni zake za kuwalinda walio chini ya miaka 18, kwa hiyo isieleweke kwamba ilikuwa ruksa kila mahali. Ila sheria ya taifa ilibaki hivyo kwa zaidi ya miaka mia moja, mpaka Julai 2023 ilipopandishwa kuwa 16. Na wakaweka jambo la akili sana: kama mdogo ana miaka 13 hadi 15, mkubwa anaingia hatiani kwa kuridhia huko endapo amemzidi kwa miaka mitano au zaidi. Yaani wanafunzi wawili rika moja hawafanywi wahalifu kwa sababu wamependana, lakini mtu mzima hana pa kujificha. Hebu piga hesabu ya Hijiri na Akira. 25 toa 15 ni kumi.

Kuna badiliko lingine ambalo naliona kubwa kuliko hilo. Mpaka 2017, kosa la kubaka katika sheria yao lilimhesabu mwanamke peke yake kuwa ndiye anayeweza kutendewa. Mvulana hakuwemo. Mwaka huo wakarekebisha, mwanaume naye akahesabika. Chugakusei Nikki ikaanza kurushwa mwaka uliofuata. Kwa hiyo wakati kaka zangu wanacheka kwamba dogo ana bahati, wajue kwamba nchi nzima ilishakaa chini ikakubaliana kuwa mvulana naye anaweza kuumizwa.

Na hapa ndipo hoja yangu ilipo. Geuza hadithi. Hijiri awe mwanaume wa miaka 25, Akira awe binti wa miaka 15. Ticha anampeleka nyumbani kwa gari, ticha anamtazama darasani, ticha anajitetea kwamba moyo haupangiwi. Wale wale wanaosema umri ni namba tu wangetaka mtu huyo akamatwe kesho asubuhi. Kama kosa linabadilika kuwa mapenzi kwa sababu tu mkubwa ni mwanamke mrembo, basi hatujapima kosa, tumepima sura.

Wakubwa wawili wakipishana miaka, hiyo ni habari nyingine kabisa, na Wajapani wameionyesha vizuri. Katika Nigeru wa Haji da ga Yaku ni Tatsu ya mwaka 2016, tamthilia nyingine ya TBS, kuna mama mmoja anaitwa Yuri, miaka 49, ana kazi yake nzuri. Anapendwa na Kazami, mwanaume aliye mdogo kwake kwa miaka 17. Tofauti yao ni kubwa kuliko ya Hijiri na Akira! Lakini pale hakuna anayemsahihishia mwenzake mtihani. Kazami akitaka kuondoka anaondoka, Yuri akikataa amekataa, na kinachomsumbua Yuri ni woga wake na midomo ya watu. Hapo kweli umri ni namba. Kwa Akira umri sio namba, ni nani ameshika chaki na nani ameketi kwenye dawati. Mwanafunzi akimkataa mwalimu, kesho asubuhi bado yuko darasani kwake.

Nisiwe mchoyo, tamthilia yenyewe ina kitu kimoja imefanya sawasawa. Mambo yanapofichuka, Hijiri anaacha shule, na hadithi inaruka miaka mitatu mpaka Akira ana 18. Wengine tungesema basi, imekwisha, waoane. Lakini wakati ule utu uzima kisheria Japani ulikuwa miaka 20, ulikuja kushushwa kuwa 18 mwezi Aprili 2022. Kwa hiyo mama yake Akira bado ana sauti, na anaitumia kuwatenganisha. Wanaachana kweli. Inapita miaka mingine mitano ndipo wanakutana tena huko Thailand, Akira akiwa mwanaume kamili mwenye maisha yake. Ukilinganisha na ile ya 1999, hapa mama sio mchawi. Ni mzazi anayelinda mwanae, na mwandishi anamwacha azungumze. Nafikiri huo ndio ukweli mkubwa ndani ya hadithi: kama ni mapenzi, yatasubiri. Yasiyoweza kusubiri mtoto akue yalikuwa ni kitu kingine.

Mtasema Japani ni mbali, inatuhusu nini. Inatuhusu kwa sababu tunaiangalia sisi, na wengi wetu tumetoka shule juzi tu. Hapa Tanzania Sheria ya Elimu ilirekebishwa 2016, ukimpa mwanafunzi mimba au ukimuoa, kifungo ni miaka 30. Wote tunaijua hiyo, na ni sawa. Lakini maneno hayo, mimba na kuoa, yanatufanya tumfikirie msichana peke yake. Mvulana wa shule akinaswa na mtu mzima, hatumuulizi kama yuko salama, tunampigia makofi. Yeye naye anajifunza kucheka, kwa sababu akilia ataambiwa sio mwanaume. Mimi nimesoma sekondari ya wavulana, makofi hayo nayajua yanavyosikika.

Sisemi msiiangalie. Iangalieni, imeigizwa vizuri, na Arimura anajua kulia mpaka unatafuta kitambaa. Ila ukifika pale muziki unapopanda na ticha anamkumbatia dogo, zima sauti kidogo. Bila muziki utaona nini pale? Mimi niliona mtu mzima aliyetakiwa kusema hapana, akashindwa.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Wale wa "umri ni namba tu" njooni mjitetee, lakini kwanza mnijibu hili moja: angekuwa mdogo wako wa kiume, ungeshangilia? Matusi hapana, hoja ndiyo.