Winchi Isiyoguswa Hadi Gari Lizame Haitakuvuta



Masika ikikaribia, wenye magari huku vijijini hukagua matairi, breki na betri. Winchi iliyofungwa kwenye bampa la mbele haiguswi na mtu. Kazi yake kubwa ni kupigwa picha. Maoni yangu nayasema wazi: winchi nyingi ninazoziona zimekufa kwenye magari ya kazi hazikuchoka kwa kuvuta. Zimeuawa na maji, na maji yalipata nafasi kwa sababu winchi ilikaa miezi bila kuwashwa wala kuangaliwa.

Kwetu sisi wa ugani hili si suala la urembo wa gari. Gari la chanjo likizama kwenye udongo mweusi wa mbuga, barafu ndani ya kisanduku inaendelea kuyeyuka. Chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe ina vijidudu hai. Ikikaa kwenye joto inaharibika, na ng'ombe akichomwa hiyo hapati kinga, ila mfugaji anarudi nyumbani akiamini mifugo yake iko salama. Hasara yake ni kubwa kuliko ya gari kuchelewa.

Sasa maji yanaingiaje? Winchi ya umeme ina mota, gia boksi, ngoma ya kuzungushia waya, na solenoidi zinazopitisha umeme. Ukivuta kwa nguvu, mota na gia zinapata moto, na hewa iliyo ndani inatanuka na kutoka kidogo kidogo. Ukiingia mtoni saa hiyo hiyo, chuma kinapoa ghafla, hewa iliyobaki inasinyaa, na winchi inanyonya maji kupitia kwenye sili. Ndiyo maana nashauri, kama hali inaruhusu, winchi iliyotoka kufanya kazi ipoe kwanza kabla hujaizamisha.

Muuzaji atakuonyesha alama ya IP67 na kukuambia hii haiingii maji kabisa. Alama hiyo ina maana kifaa kilijaribiwa kikazama hadi mita 1 kwa dakika 30. Kilijaribiwa kikiwa kipya, kwenye maji yaliyotulia. Mto wa mwezi wa Aprili una mchanga, una kasi, na sili zako zimeshapigwa jua na vumbi miaka kadhaa. Winchi yenye alama hiyo ni nzuri, inunue kama una uwezo, lakini usiifanye kuwa sababu ya kutoifungua. Hapa natofautiana na mafundi wanaosema kitu kisichoharibika kisifunguliwe. Kwenye winchi, ukingoja uone imeharibika, utaiona ukiwa katikati ya tope.

Adui mwingine ni yule kijana wa kuosha magari mwenye mashine ya presha. Analenga mdomo wa bomba kwenye winchi ili tope litoke vizuri, na maji yanasukumwa kupita sili kwa nguvu ambayo hata mto hauna. Mwambie winchi ioshwe kwa maji ya kumwagia na brashi. Walio pwani wanaopita kwenye maji ya chumvi waisuuze kwa maji baridi siku hiyo hiyo.

Baada ya kuvuka maji, usiliache gari hadi kesho. Washa injini, toa waya kwa umeme, kisha urudishe. Joto dogo la mota linasaidia kukausha unyevu. Halafu zima, chomoa waya wa betri, na uangalie terminali. Ukiona ukungu wa kijani, safisha kwa brashi, kaza, paka grisi. Usiudharau ukungu huo. Winchi ya tani 4 hivi ikivuta kwa nguvu zake zote inaweza kula ampea 400, na umeme mwingi namna hiyo ukipita kwenye muunganiko mchafu unaunguza waya. Tundu la rimoti nalo lifunikwe, maana mara nyingi ugonjwa unaanzia hapo.

Kama winchi ilizama muda mrefu, mpelekee fundi wa staata. Mota yake ina kaboni kama za staata, na fundi huyo anaijua. Grisi ya gia boksi ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameshaingia. Ibadilishwe kwa aina na kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha winchi, kwa sababu winchi nyingi zina breki ndani ya ngoma, na grisi ikifika huko breki inateleza huku gari likining'inia mtelemkoni.

Waya wa chuma utoe, usafishe, ukauke, upake oili kidogo, kisha uurudishe ukiwa umekazwa na mzigo mwepesi, mizunguko isipandane. Acha angalau mizunguko 5 kwenye ngoma kila unapovuta. Vaa glavu, tupia blanketi zito juu ya waya uliokazwa, na watoto wa kijiji wasogee mbali. (Watakuja tu, hata ukiwa porini.)

Kiangazi nacho kisikudanganye. Mara 1 kwa mwezi iwashe winchi kwa dakika chache. Katika ofisi nyingi daftari la gari lina nafasi ya oili, matairi na breki, winchi haimo, kwa hiyo dereva hana pa kuandika na hakuna anayemuuliza. Chora mstari wako mwenyewe kwa kalamu, uandike tarehe na jina la aliyeijaribu.

Jaribio la Februari lisikupite. Ikigoma wakati huo, una wiki kadhaa za kumtafuta fundi kabla barabara hazijakatika.