Trai Moja Kati ya Migori na Olimpiki

Kuna hesabu moja ya raga ambayo yafaa kila mzazi aijue kabla ya kumkataza mwanawe kucheza, na kila mwanafunzi aijue kabla ya kuamini kwamba mchezo huu ni wa misuli tu.

Mnamo Mei 2023, jijini London, timu ya taifa ya Kenya ya raga ya wachezaji saba kila upande, Shujaa, ilishindwa na Canada 12-7. Tofauti ilikuwa pointi 5, yaani trai moja. Kwa trai hiyo moja Kenya iliteremshwa kutoka kwenye msururu wa dunia uliokuwa umeizoea kwa miaka mingi, na wengi wakadhani kaburi la Shujaa limekwisha kuchimbwa. Septemba mwaka huo huo vijana wale wale walikuwa Harare, Zimbabwe, katika mchujo wa Afrika wa kutafuta tiketi ya Michezo ya Olimpiki ya Paris 2024. Katika fainali waliilaza Afrika Kusini 17-12. Tofauti? Pointi 5 zile zile.

Trai moja iliwatupa nje, na trai moja ikawarudisha ndani. Hivyo ndivyo mchujo ulivyo, na ndiyo sababu leo nataka tuutazame kwa jicho la mzazi na la mwanafunzi, hasa wale ambao kwao ni Migori na Homa Bay, ingawa wanaisoma safu hii wakiwa Buruburu, Kayole au Lang'ata.

Kwanza tueleweshane, kwa sababu katika nyumba nyingi ni mtu mmoja tu anayeelewa kinachoendelea kwenye televisheni, na wengine hupiga makofi kwa kumfuata. Raga hii ilizaliwa mwaka wa 1883 katika mji mdogo wa Melrose, Scotland, ambako mchinjaji nyama aitwaye Ned Haig alipendekeza timu zipunguzwe ili klabu yao iweze kufanya mashindano ya siku moja na kuchangisha pesa. Badala ya wachezaji 15, wanaingia 7. Badala ya dakika 80, ni dakika 7 kwa kila kipindi. Uwanja lakini haupunguzwi. Watu 14 wanaachiwa shamba lile lile ambalo kwa kawaida hulimwa na watu 30. Trai ni pointi 5, na mkwaju wa baada ya trai ni pointi 2, ukipigwa kwa kuuangusha mpira kwanza.

Sasa fanya hesabu. Timu inayocheza mechi sita katika siku mbili za mashindano itakuwa imecheza dakika 84 pekee, ambazo hazifiki hata mechi moja ya kandanda. Katika dakika hizo chache ndimo mlimo na nchi nzima. Mchezaji akipoteza mpira mara moja, au akikemewa na refa na kutolewa nje kwa dakika 2, wenzake wanabaki sita huku robo ya kipindi na zaidi ikipita. Hakuna muda wa kusema, "Tutajirekebisha kipindi cha pili." Kipindi cha pili nacho ni dakika 7.

Ndiyo maana mchujo huwa mgumu kuliko mashindano yenyewe. Ukifika Olimpiki ukawa wa tisa, utarudi nyumbani ukiitwa Mwanaolimpiki maisha yako yote. Lakini ukiwa wa pili katika mchujo wa bara unaotoa tiketi moja, unarudi nyumbani na begi lako tu. Kenya imeonja utamu wa mchujo huo mara tatu mfululizo. Mwaka wa 2015, mjini Johannesburg, iliishinda Zimbabwe 21-17 na kwenda Rio 2016, mara ya kwanza kabisa raga ya saba kuchezwa kwenye Olimpiki. Mwaka wa 2019, huko huko Johannesburg, iliifunga Uganda 31-0 na kupata tiketi ya Tokyo. Kisha ikaja Harare. Ukiondoa ushindi ule dhidi ya Uganda, fainali zote mbili zilizobaki ziliamuliwa kwa tofauti isiyozidi trai moja.

Usidhani Kenya humiliki bara hili kama shamba la urithi. Katika mchujo wa Kombe la Dunia la raga ya saba uliofanyika Kampala mnamo Aprili 2022, Uganda ndiyo iliyotawazwa bingwa wa Afrika. Majirani zetu hawalali.

Kuna funzo la pili, nalo ni kwa vijana wanaovunjika moyo haraka. Afrika Kusini ilipopigwa Harare, haikukunja jamvi. Ilipitia ngazi nyingine, ule mchujo wa mwisho wa dunia uliofanyika Monaco mnamo Juni 2024, ikapenya. Ilipofika Paris ilijinyakulia nishani ya shaba. Fikiri, ndugu msomaji: aliyeshindwa katika fainali ya Afrika ndiye aliyetoka Paris akiwa na nishani shingoni. Nayo Kenya, iliyokuwa imeteremshwa London, iliifunga Ujerumani 33-15 mjini Madrid mnamo Juni 2024 na kurejea katika msururu wa dunia. Mlango mmoja ukifungwa, mwenye miguu huzunguka nyumba akatafuta mwingine.

Sasa tutoke Harare na Madrid, tushuke Kisumu, tupande matatu. Tupite Ahero na Katito, tufike Oyugis. Hapo atakayekwenda Homa Bay atashika njia ya kulia kuelekea ziwani, na atakayekwenda Migori ataendelea kupitia Kisii, Rongo na Awendo, karibu na mpaka wa Tanzania. Huku nako kuna mchujo, ingawa hautangazwi na televisheni yoyote.

Mvulana wa shule ya upili Migori au Homa Bay anayetaka kucheza raga ya saba ana ngazi zake. Shule yake hushindana katika kaunti ndogo, kisha katika kaunti. Atakayepenya hukutana na mabingwa wengine wa Nyanza kutoka Kisumu, Siaya, Kisii na Nyamira. Baada ya hapo ni mashindano ya taifa, na mwisho yale ya Afrika Mashariki. Kila ngazi ni kama Harare ndogo. Wakati mwingine ni siku moja tu, na mpira mmoja ukianguka, mwaka mzima umeanguka.

Lakini ngazi inayowaangusha vijana wengi zaidi ni ile ya chini kabisa, ambayo hata haijaanza kuhesabiwa. Mvulana ambaye shule yake haina mpira wa raga hashindwi na mtu yeyote. Hakuwahi kuingia uwanjani. Pengine ana mbio ambazo zingemfanya kocha asimame kwenye kiti, lakini mbio hizo huishia kumfukuza ndama aliyeingia kwenye mahindi ya jirani. Kushindwa kwa pointi 5 kunauma, ila angalau mtu amepimwa. Kutopimwa kabisa ndiyo hasara ambayo hakuna anayeililia, kwa sababu hakuna anayeijua.

Si kwamba eneo hili halina damu ya michezo. SoNy Sugar, timu ya kiwanda cha sukari cha Awendo, ilitwaa ubingwa wa ligi kuu ya kandanda ya Kenya mwaka wa 2006, ikizipiku klabu kubwa za jijini. Iliwezekana kwa sababu timu ilikuwa pale pale karibu na miwa, na mtoto wa Awendo aliweza kutembea kwa miguu akaenda kumwona mchezaji wa ligi kuu kwa macho yake. Mtoto huiga anachokiona. Nayo raga kwa miaka mingi imeonekana mbali na hapo. Mashindano makubwa ya klabu ya raga ya saba nchini yamezoeleka katika miji kama Nairobi, Nakuru na Mombasa, na huku magharibi Kisumu, yanakoitwa Dala, neno la Kijaluo lenye maana ya nyumbani. Lakini kwa kijana wa Mbita, Karungu au Isebania, nyumbani huko ni safari ya saa kadhaa na nauli ambayo mama yake angenunulia unga.

Homa Bay sasa ina uwanja mpya uliopewa jina la Raila Odinga, ambao uliandaa sherehe za Madaraka mnamo Juni 1, 2025. Gwaride lilipita, wageni wakarudi makwao. Uwanja bila mashindano ni malisho mazuri ya mbuzi, basi. Wakuu wa kaunti hizi mbili na wakuu wa raga nchini wakileta huko hata mashindano ya siku mbili kwa mwaka, watakuwa wamejenga ngazi ambayo saruji peke yake haiwezi kuijenga.

Najua mzazi ana hoja zake, na si hoja za kupuuza. Mazungumzo yenyewe huwa hivi jioni wakati wa chakula:

"Mama, mwalimu wa michezo anataka nauli ya Kisumu."

"Nauli ya kwenda kuvunjika mguu?"

"Mama, ni mashindano ya eneo zima."

"Na hesabu ulipata ngapi muhula uliopita?"

Kijana hunyamaza, na mara nyingi mambo huishia hapo.

Tuanze na mguu. Ni kweli kwamba raga ina maumivu, na anayesema haina anakudanganya. Lakini hatari inaweza kupunguzwa ikiwa mtu mzima atauliza maswali kabla ya kutoa ruhusa. Je, mwalimu anawafunza vijana kumkaba mtu chini ya mabega? Sheria za mchezo zinakataza kumkaba mwenzako juu ya hapo. Je, mtoto ana kinga ya meno? Je, kuna mtu wa huduma ya kwanza uwanjani, na gari la kumpeleka mtoto hospitalini likihitajika? Na kubwa kuliko yote, akigongwa kichwa akaonekana kuduwaa, je, atatolewa uwanjani mara moja na asirudishwe siku hiyo hata akiapa kwamba yuko sawa? Shule ikijibu maswali haya manne bila kubabaika, mzazi anaweza kupumua. Ikibabaika, ana haki ya kukataa.

Kuhusu vitabu, vijana nao wasikilize. Raga ya saba kwa shule huchezwa muhula wa pili, wakati ambapo mtihani wa mwisho wa mwaka umeanza kunusa. Anayefanya mazoezi saa moja jioni na kulala bila kufungua daftari asimlaumu mama yake. Mwonyeshe matokeo yako kwanza, ndipo umwonyeshe barua ya mwalimu wa michezo. Mkongwe wa raga yetu, marehemu Benjamin Ayimba, aliyekuwa kocha Kenya ilipoipiga Fiji 30-7 mjini Singapore mnamo Aprili 2016 na kutwaa kombe la msururu wa dunia kwa mara ya kwanza, alisomea Shule ya Maseno, hapo hapo Nyanza. Alipita darasani kabla ya kupita Singapore.

Ikibaki pesa, hapa nawageukia ndugu zangu wa mjini. Sisi ni hodari wa kuchanga. Kukiwa na msiba nyumbani, kundi la jamaa hufunguliwa kwenye simu usiku huo huo, na kufikia asubuhi basi limelipiwa. Hilo ni jambo jema na tusiliache. Lakini ni lini mara ya mwisho kundi hilo liliulizwa nani ana mpwa anayecheza, na anahitaji nini? Mipira miwili ya raga haigharimu hata kiasi cha mchele wa matanga. Kinga za meno za timu nzima ni kitu ambacho watu kumi wakichanga hakuna atakayelala njaa. Na ukienda nyumbani Desemba, badala ya kumletea kijana wa kakako shati jingine lenye picha ya klabu ya Uingereza, mletee mpira wa umbo la yai, uone watakaokusanyika kufikia jioni.

Wavuvi wa Homa Bay wanajua kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Mchezaji wa raga ya saba naye hafunzwi kuanguka, kupitisha na kukimbia akiwa na miaka 25. Kocha wa taifa hana uwezo wa kumtengeneza mtu upya katika wiki tatu za kambi. Huchagua tu kati ya wale waliomfikia, na waliomfikia ni wale ambao mtu fulani, mwalimu au shangazi, aliwalipia nauli ya kwanza.

Utakuja mchujo mwingine wa Afrika, na mwingine baada ya huo. Tutakaa tena mbele ya televisheni, tutahesabu dakika 7 kwa vidole, na pengine tofauti itakuwa tena trai moja. Tukishindwa, tutamlaumu kocha, refa na hata hali ya hewa. Kabla ya siku hiyo kufika, mzazi, swali langu kwako ni dogo tu: barua ya mwalimu wa michezo iliyoletwa nyumbani juzi iko wapi, na je, umeijibu?