Mwanao akitaka uuze shamba la mlimani anunue nyumba Cyprus

Wiki hii tuzungumze kuhusu ujumbe ambao huenda umeshaingia kwenye simu yako, au uko njiani. Ni ujumbe wa sauti kutoka kwa kijana aliyekwenda kusoma Cyprus. Anakuamkia, anamuulizia bibi, halafu anafika kwenye hoja: "Mama, huku kuna nyumba zinauzwa kwa awamu. Tukipata malipo ya awali, nyingine tunalipa kidogo kidogo. Hivi lile shamba la kule juu linatusaidia nini?"

Wazazi wa Morogoro wenye watoto ng'ambo wanalijua swali hili. Wengine shamba lao liko Mgeta, wengine Matombo au Kinole, wengine lipo hapo hapo juu ya mji, njia ya kwenda Morningside. Kwa kijana aliye mbali, shamba hilo ni migomba michache na mlima wa kupanda kwa miguu, na nyumba karibu na bahari ni maendeleo. Simlaumu. Lakini kabla hujamwita dalali, kuna mambo mzazi unatakiwa kuyajua.

Kisiwa kimoja, pande mbili

Cyprus ni kisiwa cha Bahari ya Mediterania, kusini mwa Uturuki. Tangu mwaka 1974 kimegawanyika. Mwaka huo yalifanyika mapinduzi yaliyoungwa mkono na utawala wa kijeshi wa Ugiriki, jeshi la Uturuki likaingia, na watu wengi wakakimbia makwao. Wacyprus wa asili ya Kigiriki walikimbilia kusini, wale wa asili ya Kituruki wakaenda kaskazini. Nyuma yao waliacha nyumba, mashamba na bustani za malimau.

Upande wa kusini ndiyo Jamhuri ya Cyprus inayotambuliwa na dunia, na ulijiunga na Umoja wa Ulaya mwaka 2004. Upande wa kaskazini ulijitangazia uhuru Novemba 1983, na mpaka leo nchi pekee inayoutambua ni Uturuki. Vijana wengi kutoka Afrika wanaokwenda kusoma huko huenda kaskazini, kwa ndege inayopitia Uturuki. Swali la kwanza la kumuuliza mwanao kwa hiyo ni hili: uko upande gani?

Swali hili lina uzito, kwa sababu sehemu kubwa ya ardhi ya kaskazini iliandikwa kwa majina ya watu waliokimbia mwaka 1974. Wenyewe au watoto wao wapo, na wengi bado wana hati zao. Nyumba mpya inayong'aa kwenye picha za dalali inaweza kuwa imejengwa juu ya kiwanja cha mtu ambaye hakuuza.

Kuna kesi moja maarufu. David na Linda Orams, mume na mke kutoka Uingereza, walijenga nyumba yenye bwawa la kuogelea huko Lapithos, upande wa kaskazini. Mwaka 2003 vivuko vya kati ya pande mbili vilifunguliwa, na Meletis Apostolides, ambaye familia yake ilikimbia eneo hilo mwaka 1974, akaenda kuona kiwanja chao. Alifungua kesi Nicosia, na mahakama ikaamuru nyumba ibomolewe, ardhi irudishwe na fidia ilipwe. Aprili 2009 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema hukumu hiyo inaweza kutekelezwa hata Uingereza, na mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ikakubali. Maana yake ni kwamba fidia ingeweza kufuata mali zao za nyumbani, mbali kabisa na kisiwa.

Tena, sheria ya Jamhuri ya Cyprus inahesabu kuwa ni jinai kuuza au kununua mali ya mtu bila ridhaa ya mwenyewe. Katika miaka ya karibuni watu wamekamatwa na kushtakiwa kwa biashara ya nyumba za kaskazini.

Dalali anaweza pia kumwambia kijana kwamba nyumba italeta pasipoti ya Ulaya. Kaskazini hilo halipo. Jamhuri ya Cyprus nayo ilifuta mpango wake wa kuwapa uraia wawekezaji mwaka 2020, baada ya kashfa. Malta, kisiwa kingine cha bahari ile ile, iliambiwa na mahakama ya Ulaya Aprili 2025 kwamba mpango wake wa namna hiyo unavunja sheria za Umoja. Na kumbuka, sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Anayechukua wa huko anapoteza wa hapa.

Shamba la mlimani ni la nani?

Tuje nyumbani sasa. Mzazi anaposema "shamba langu" kule Uluguru, neno hilo "langu" lina watu wengi ndani yake.

Kwa desturi ya Waluguru, mtoto ni wa ukoo wa mama, na ardhi ya ukoo hupita upande wa mama. Ndiyo maana unaweza kumkuta baba amelima kipande kwa miaka 30, amepanda iliki na migomba, na bado kipande hicho ni cha ukoo wa mkewe, au cha ukoo wake mwenyewe ambao warithi wake ni watoto wa dada zake. Anayelima si lazima awe ndiye mwenye kuuza. Wajomba, shangazi na kina mama wakubwa wana sauti, na siku ya kuuza bila wao ndiyo siku ugomvi unapoanza.

Sheria ya nchi nayo ipo. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Karatasi iliyoandikwa mezani kwa dalali, ikasainiwa na mashahidi wawili, haitoshi. Na kama ni nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mwanandoa mmoja kuiuza bila ridhaa ya mwenzake.

Halafu kuna bei. Treni ya SGR ilipoanza safari za Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, watu wa Dar waliongeza macho kwenye viwanja vya huku. Anayeuza haraka kwa sababu kijana anasubiri malipo ya awali huuza kwa bei ya mwenye shida. Kukirudisha kipande hicho baadaye ni kazi ngumu.

Dawa ya presha si akiba ya nyumba

Hapa ndipo mimi kama mwandishi wa afya ninapokuwa na hofu zaidi. Malipo ya awamu hayasubiri mavuno. Yanadai kila mwezi, na kwa fedha za kigeni.

Mwanzoni familia hubana sukari na nauli. Ikizidi, inabana dawa. Mama mwenye presha anaanza kumeza kidonge siku moja na kuacha siku mbili. Baba mwenye kisukari anaahirisha kliniki mpaka mwezi ujao. Hawasemi, maana wanajiona wanamjengea mtoto. Lakini presha haina dalili za kumwonya mtu kila mara, na kiharusi kinaweza kuja bila hodi. Mzazi akilala kitandani upande mmoja umepooza, hakuna nyumba ya kisiwani itakayomlipia matunzo.

Kwa hiyo nasema wazi: kama mpango wowote wa kununua mali unahitaji mtu mzima apunguze dawa, mpango huo haujaiva. Dawa, kliniki na bima ya afya vitengwe kwanza, kisha ndiyo hesabu ya nyumba ianze.

Na kijana? Anayesoma huku anafanya vibarua ili alipe awamu hulala saa chache na kula mlo mmoja. Msimu wa baridi wa huko una mvua na upweke. Kibali chake ni cha masomo, na akishindwa ada kwa sababu fedha imekwenda kwa dalali, kibali nacho kinayumba. Ukisikia sauti imebadilika, anajibu kwa neno moja, hapigi simu ya picha tena, au anacheka mambo yasiyochekesha, usimuulize kwanza habari za nyumba. Muulize amekula nini leo na jana amelala saa ngapi. Usimalize simu mpaka umesikia jibu.

Ya kuzungumza naye

Usimkatalie kwa ukali. Kijana aliyefokewa hukopa kimya kimya. Mwambie umemsikia, kisha kaeni na maswali haya:

Kiwanja hicho, kabla ya mwaka 1974 kilikuwa cha nani? Hati inayotolewa ni ya aina gani?

Wakili ni wako, au ni wa muuzaji? Wakili aliyeletwa na dalali anafanya kazi ya dalali.

Mjenzi akisimama katikati, fedha iliyolipwa inarudi vipi?

Ukimaliza masomo ukarudi, nani atakaa humo, nani atalipa gharama za jengo, na utauza kwa nani?

Kama kijana hana majibu, hilo ni jibu tosha kwa mwezi huu. Apewe muda wa kutafuta.

Na kama ndoto yake kweli ni nyumba karibu na bahari, mkumbushe kwamba sisi pia tuna visiwa. Zanzibar ina sheria ya mwaka 2010 inayohusu umiliki wa nyumba ndani ya majengo ya pamoja, na ina mamlaka yake ya uwekezaji ya kuulizia mradi kama umesajiliwa. Ardhi si jambo la Muungano, kwa hiyo taratibu za kule ni tofauti na za Bara, na huko nako wakili anahitajika. Lakini ni mahali ambapo mzazi anaweza kupanda boti asubuhi, akaligusa tofali kwa mkono wake, na kuzungumza na kila mtu kwa Kiswahili.

Shamba la mlimani, hata kama ni ekari moja, linaweza kumlisha bibi na kulipia dawa mwaka huu. Kikao cha ukoo kikiamua liuzwe, liuzwe kwa utulivu, kwa karatasi za kijiji na kwa bei yake. Lisiuzwe kwa ujumbe wa sauti wa usiku.

Jioni hii mpigie mwanao. Tukutane wiki ijayo.