MAMBO YA NYUMBANI: Chungu cha Siku za Baridi



Kila mwaka mvua ya masika inapokwisha, sisi tukaao nyanda za juu za Kenya twaingia katika majira ya baridi. Tangu Juni hata Agosti mawingu hutanda juu ya Limuru na Kinangop, manyunyu huanguka bila kishindo, na jua huonekana kama mgeni apitaye njia. Watu wa Ulaya huuita Julai mwezi wa joto. Kwetu ndio mwezi wa kuvaa koti. Lakini baridi yetu ina baraka moja ambayo wengi hatuitambui. Huja wakati ule ule ambapo mboga zilizopandwa kwa mvua ya masika zimekomaa shambani.

Nitaanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Mwaka mmoja, mtoto wetu wa kwanza alipokuwa na umri wa miaka mitatu, kila jioni tulikunywa chai ya moto na kula mkate mweupe, tukaridhika kwamba tumeshiba na kupata joto. Mboga za majani tulizipika mara moja tu kwa juma, tena kwa magadi, hata zikawa laini kama uji, kisha maji yake yakamwagwa. Ilipofika katikati ya Julai mtoto alikuwa mnyonge, hana hamu ya kucheza. Tulipompeleka zahanati hatukupewa chupa ya dawa. Tuliulizwa swali moja tu: "Mtoto huyu hula nini jioni?" Nilipojibu niliona haya, maana nimesoma, na jambo lile nilifundishwa shuleni.

Juma lile mama yangu mzazi akaja kututazama, kiondo mgongoni. Ndani mlikuwa na viazi, malenge, mahindi mabichi, maharagwe mapya, mnavu na fungu la thabai, yaani yale majani yawashayo ambayo watoto huyakimbia. Mke wangu akauliza kwa adabu, "Mama, wageni wakija tutawaandalia majani haya?" Mama akacheka, akasema, "Binti yangu, mgeni huja siku moja. Mtoto hula kila siku."

Alivyopika ni hivi. Mahindi na maharagwe aliyachemsha barabara hata yakaiva kabisa, kwa maana maharagwe yasiyoiva huumiza tumbo. Kisha alitia viazi vilivyomenywa. Thabai aliyashika kwa kitambaa, akayaosha, akayatia chunguni mwishoni. Yakiisha kuiva, mwasho wake hutoweka kabisa. Maji yalipokaribia kukauka aliponda vyote pamoja kwa mwiko, vikawa rangi ya kijani. Kesho yake alitengeneza mchuzi mzito wa malenge, karoti na viazi, akakaanga kitunguu na tangawizi kwa mafuta kidogo. Mnavu aliuchemsha, akautia maziwa ili kupunguza uchungu wake.

Huenda msomaji akauliza, mboga zina faida gani kuliko chai? Chai hupasha mwili joto kwa kitambo kidogo tu. Viazi, mahindi na maharagwe hutia nguvu ya kudumu, na maharagwe hujenga mwili. Majani ya kijani yana madini ya chuma. Malenge na karoti zina asili ya vitamini A, nayo huingia mwilini vizuri zaidi pakiwapo mafuta kidogo. Vitamini C huharibiwa na moto mwingi na magadi, na huyeyuka majini. Kwa hiyo hapana budi kuosha majani kabla ya kuyakata, kuyapika kwa maji machache na kwa muda mfupi, na kuyatumia maji yake katika mchuzi. Kiazi kilichogeuka kijani kisiliwe, maana kina sumu.

Neno moja zaidi, nalo ni kubwa. Usiku wa kwanza mama alitukuta tumefunga dirisha huku jiko la makaa likiwaka chumbani. Alilitoa nje bila kuuliza. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huwaua watu wakiwa usingizini. Pika, ule, kisha jiko litoke nje. Joto la usiku na liwe la blanketi na chakula kilichomo tumboni.

Sitasema kwamba mtoto alipona kwa siku moja. Lakini Agosti ilipokwisha alikuwa akikimbia uani, akimwita nyanya yake amletee "chakula cha kijani". Nasi tuliosoma tukakumbuka kwamba mwacha mila ni mtumwa. Basi, msomaji, kabla hujapita dukani kununua mkate jioni hii, tazama kwanza kilichomo shambani mwako.