Joto, altaneta na magari makuukuu ya Umatengo

BARABARA ya lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, yenye urefu wa takriban kilomita 66, imerahisisha safari nyingi tangu ilipokamilika mwanzoni mwa muongo huu. Hata hivyo, lami haikuja na magari mapya. Yanayopanda na kushuka milima ya Umatengo ni yale yale: Hiace za dizeli, pikapu, Land Cruiser na magari madogo yaliyotumika Japani miaka mingi kabla ya kuvuka bahari.

Majirani zetu wameliangalia suala la magari makuukuu kwa jicho kali. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka minane, na Uganda mwaka 2018 ilipiga marufuku yaliyozidi miaka 15. Tanzania imechagua njia ya ushuru: gari kuukuu hulipiwa zaidi, lakini halizuiwi. Uamuzi huo unaeleweka katika nchi ambayo wengi hawamudu gari jipya. Tatizo ni kwamba mjadala wetu huishia bandarini. Gari likishafika Mbuji, Maguu au Liuli, ni nadra mtu kuuliza lina hali gani chini ya boneti, mpaka lizimike njiani.

Miongoni mwa vifaa vinavyoyazima magari hayo ni altaneta, mtambo mdogo unaozungushwa na mkanda wa injini ili kuchaji betri na kuendesha taa. Ndani yake mna koili za shaba zilizopakwa vanishi, na dayodi zinazoulazimisha umeme uende upande mmoja, ule ambao betri inaukubali. Joto likizidi, vanishi huungua na dayodi hufa.

Madereva wengi hulilaumu jua. Lakini Mbinga ni nchi ya baridi. Mwezi Juni na Julai watu huvaa makoti mchana, na bado altaneta zinaungua. Joto hilo linazaliwa ndani ya gari lenyewe. Ziwa Nyasa liko chini kidogo ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, ilhali mji wa Mbinga uko juu ya mita 1,200. Gari lililosheheni mizigo likipanda kutoka ufukweni kwa gia ndogo, injini hufanya kazi kubwa huku upepo wa mbele ukiwa haba. Hewa inayoifikia altaneta imekwishapita kwenye rejeta ya moto. Kisha dereva husimama kuchukua abiria, injini ikinguruma taratibu, taa na muziki vikiwa vimewashwa. Feni ya altaneta hutegemea mwendo wa injini; hapo hupoa kasi wakati joto bado ni lile lile.

Adhabu kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni betri iliyochoka. Asubuhi gari husukumwa likawaka, kisha altaneta hutarajiwa kuifufua betri hiyo njia nzima. Haikuundwa kwa kazi hiyo. Imeundwa kuitunza betri nzima. Ikipewa mfu hufanya kazi karibu na ukomo wake kwa saa kadhaa. Ni afadhali betri ipelekwe ikachajiwe kwanza, au ibadilishwe, kuliko kununua altaneta iliyotumika kila baada ya miezi michache na kumlaumu muuzaji.

Mengine ni madogo, ingawa hupuuzwa. Mkanda uliolegea huteleza na kuchemsha puli. Uliokazwa mno huua beringi. Oili inayovuja juu ya altaneta hushika vumbi na kuziba matundu ya hewa. Vituo vya betri vyenye kutu, pamoja na waya mbovu wa bodi, huidanganya regyuleta. Ile mikingo ya plastiki chini ya injini, ambayo baadhi ya mafundi huitupa wakidhani ni urembo, ndiyo inayoongoza upepo unakotakiwa.

Hatari yenyewe ipo kwenye dizeli za zamani. Gari la petroli likikosa umeme huzimika, na dereva hana budi kusimama. Dizeli yenye pampu ya mafuta isiyotegemea kompyuta huendelea kwenda, hivyo dereva huizoea taa nyekundu ya betri na kuidharau. Lakini katika injini nyingi za Toyota za aina hiyo, pampu ya vakyumu inayosaidia breki imefungwa nyuma ya altaneta. Mkanda ukikatika, au beringi ikikwama kwa joto, msaada wa breki hutoweka baada ya kukanyaga mara chache. Pedali huwa ngumu kama jiwe. Tafakari hilo likitokea kwenye miteremko ya kuelekea Mbamba Bay, gari likiwa limejaa watu.

Kila mwaka Polisi wa Usalama Barabarani hukagua magari na kutoa stika za Nenda kwa Usalama. Kuongeza kipimo cha umeme kusingechukua hata dakika tano. Betri nzima iliyopumzika husoma volti 12.6 hivi, injini ikiwaka, mita isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikiwa chini ya 13, haichaji ipasavyo. Ikipita 15, regyuleta imeharibika na betri inachemshwa. Chuo cha VETA kipo Songea, na vijana wanaotoka huko wanaijua mita hiyo. Kinachokosekana ni wamiliki walio tayari kulipia kipimo kabla gari halijaharibika.

Kwa sasa, dereva wa dizeli anayeiona taa ya betri ikiwaka kileleni asianze kuteremka. Asimame penye tambarare, azime injini, afungue boneti na kuutazama mkanda. Ukiwa umekatika, abiria washuke, na gari libaki hapo hapo hadi fundi afike.