Pesa ya RAM ilikufa, orodha yake iko wapi?

KALUNDU, UVIRA – Kodi ya RAM ilipoondolewa mwaka 2022, wakaaji wa Kalundu walifurahi kama wengine wote nchini. Bandarini, sokoni na kando ya barabara inayoshuka Makobola, kila mmoja alishukuru kwamba unite zake hazitakatwa tena. Furaha hiyo ilikuwa ya haki. Ubaya wake ni kwamba iliwanyamazisha watu mapema. Waligombea pesa yao mpaka kodi ikaondolewa, lakini hakuna aliyedai orodha.

RAM maana yake ni Registre des Appareils Mobiles, yaani daftari la simu za mkononi. Jina lenyewe linasema wazi: kazi ya kwanza ilikuwa kuandikisha simu, kodi ikawekwa juu ya kuandikisha huko. Kazi hiyo ilianza mwaka 2020 chini ya ARPTC, mamlaka inayosimamia posta na mawasiliano. Mwenye simu ndogo alitakiwa kulipa dola 1 kwa mwaka. Mwenye simu ya intaneti alilipa dola 7, zikikatwa kidogo kidogo kila alipoweka unite. Huko Uvira ulikuwa mwaka ule ule ambao mto Mulongwe uliua watu na kubomoa nyumba mwezi wa Aprili. Aliyepoteza nyumba kwa maji alikatwa sawasawa na aliyebaki na nyumba.

Sababu zilizotolewa Kinshasa zilikuwa mbili: kupiga vita simu bandia na kusaidia kupata simu zilizoibiwa. Watu hawakukubali. LUCHA na vikundi vingine vya vijana walipiga kelele, na mwaka 2021 jambo likafika bungeni. Aliyemwita waziri wa mawasiliano Augustin Kibassa aje kujieleza mbele ya wabunge alikuwa mheshimiwa Claude Misare, aliyechaguliwa hapa hapa Uvira. Mji huu una haki ya kujivunia hilo. Maswali makubwa ya siku hizo yalikuwa: pesa iliingia wapi? Nani aligawana? Kwa sheria gani? Kodi ikashindwa kusimama, ikaondolewa.

Lakini unite ukizilipa leo, kesho unanunua nyingine. Habari za mtu zikishaandikwa haziwi hivyo. Anayetaka kuelewa achukue simu yake sasa hivi, abonyeze *#06#. Kioo kitaonyesha namba ya tarakimu 15 inayoitwa IMEI. Simu yenye nafasi mbili za kadi huonyesha namba mbili. Hiyo si namba ya kupigia. Ni namba ya chombo chenyewe, kilitoka nayo kiwandani. Mwenye simu akitoa kadi ya Airtel akaweka ya Vodacom au ya Orange, au akavuka Kavimvira akaweka kadi ya Burundi, namba ile haibadiliki. Kila simu inapojiunga na mnara, mtandao unaweza kuisoma.

Sasa mtu apange mambo haya pamoja. Kadi ya simu iliandikishwa kwa jina, mara nyingi kwa kadi ya mpiga kura, yenye picha, tarehe ya kuzaliwa na anwani. Mnara unajua ni simu gani iko karibu nayo na saa ngapi. Orodha ya vyombo inaunganisha kadi zote ambazo mtu mmoja amewahi kutumia ndani ya simu moja. Kila habari ikikaa peke yake inaonekana ndogo. Zikikutana, mwenye kuzishika anaweza kusema: mama huyu wa ndagala anaitwa fulani, alikuwa Kalundu alfajiri, mchana alikuwa Mulongwe, jioni aliongea na mtu wa ng'ambo ya ziwa, na ile namba nyingine anayoificha ni yake pia.

Wengine hujibu haraka: asiye na kosa hana cha kuficha. Neno hilo linaweza kusemwa katika mji wenye amani, na hata huko halina nguvu. Huku Uvira linashangaza. Mkaaji wa hapa anajua kwamba mwenye bunduki anaweza kubadilika kati ya jioni na asubuhi. Ameona majeshi, vikundi vya silaha na wakimbizi wakipita pande zote mbili za mpaka. Anajua mtu anaweza kutafutwa kwa sababu ya lugha anayoongea, kijiji alichotoka au ndugu yake aliyeko upande mwingine. Orodha haichagui bwana. Iliyotengenezwa na ofisi ya kodi leo, inaweza kusomwa kesho na mtu ambaye hakuja kwa ajili ya kodi. Mwenye cha kuficha Uvira si mwizi tu. Ni shahidi aliyeona kitu usiku, mwandishi wa habari, msichana anayemkimbia mwanaume mkali, mfanyabiashara anayerudi na pesa ndani ya boti kutoka Kalemie.

Wengine wanasema orodha inasaidia kukamata wezi wa simu. Hoja hiyo ina uzito kidogo na ni lazima ijibiwe. Ni kweli kwamba simu iliyoibiwa inaweza kufungwa kwa IMEI yake. Lakini kazi hiyo inahitaji orodha fupi, ile ya simu ambazo wenyewe wamekuja kutangaza kwamba zimeibiwa. Haihitaji orodha ya simu za watu wote wa nchi. Mchungaji aliyeibiwa mbuzi mmoja hawaandiki mbuzi wa kijiji kizima kwa jina la kila mwenye nyumba, kisha akamkabidhi mtu wa kando lile daftari. Na katika RAM mtu wa kando alikuwepo: kampuni ya binafsi ilishirikiana na ARPTC katika kazi hiyo. Je, mkataba ulipokwisha, ilirudisha nini? Ilibaki na nini?

Majirani nao walipitia njia hii. Kenya ilizima simu bandia mwaka 2012, Tanzania ikazima zake mwezi wa Juni 2016. Baadaye mamlaka ya mawasiliano ya Kenya ilitaka kuunganisha mtambo wake na mitandao ya makampuni ya simu, tena kwa sababu ile ile ya simu bandia. Okiya Omtatah akaipeleka mahakamani. Mwezi wa Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Nairobi ilisema mpango huo unavunja haki ya mtu kuwa na siri yake. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ikatengua hukumu hiyo. Mtu anaweza kusema Omtatah alishindwa. Lakini Wakenya walipata kitu ambacho Wakongomani hawakukipata: ofisi ya serikali ililazimika kueleza mbele ya hakimu mtambo wake utaona nini na hautaona nini. Huku, mjadala wote ulikwama kwenye dola 7.

Na si kwamba Kongo haina sheria. Kifungu cha 31 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya kuheshimiwa maisha yake ya faragha na siri ya mawasiliano yake, na kwamba haki hiyo inaguswa tu pale sheria inaporuhusu. Tarehe 13 Machi 2023 rais alitia saini amri yenye nguvu ya sheria namba 23/010, iliyoleta Kanuni ya mambo ya dijitali. Ndani yake kuna sehemu nzima inayolinda habari za watu. Habari zinakusanywa kwa kusudi linalojulikana. Hazikai zaidi ya muda ambao kusudi hilo linahitaji. Mwenyewe ana haki ya kuuliza kilichoandikwa juu yake, kukisahihisha, na kuomba kifutwe. Kusudi la RAM lilikufa pamoja na kodi yake. Kwa sheria hii, orodha nayo inatakiwa kuzikwa, na mazishi yake yatangazwe.

Kwa hiyo madai ni mepesi, hayana haja ya fundi wa kompyuta. ARPTC iseme hadharani, kwa lugha ambayo watu wanaielewa, namba za simu zilizokusanywa tangu 2020 ziko wapi, nani anazishika, nani alipewa nakala. Kama zilifutwa, ionyeshe ni lini na mbele ya nani. Kama bado ziko, zifutwe. Na wabunge wa Uvira waulize swali la pili bungeni, kwa sauti ile ile waliyotumia kwa swali la kwanza. Shirika la raia, ambalo huitisha siku ya mji mfu kwa ajili ya barabara na maji, lisione aibu kuandika barua moja kwa ajili ya hili.

Kuna kazi ya nyumbani pia. Kwenye vibanda vya kutuma pesa, daftari hukaa wazi juu ya meza: majina, namba za simu, namba za kadi ya mpiga kura, kiasi cha pesa. Anayesubiri zamu yake anasoma mistari ya waliomtangulia. Mwenye kibanda anaweza kulifunga leo, bila kungoja Kinshasa. Mkaaji anayekubali siri yake isomwe na jirani kwenye foleni atapata wapi nguvu ya kuidai kutoka kwa serikali?

Dola 7 ziliamsha nchi nzima kwa sababu kila mtu aliona unite zake zikipungua. Orodha haipunguzi kitu kwenye simu. Siku itakapotumika vibaya, anayetafutwa hatapata hata SMS ya kumwonya.